Nani Alimfundisha Tabibu? Tiba ya Safari na Nchi ya Mara

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitia methali hii katika mambo ya ukarimu. Mgeni huchinjiwa kuku, na watoto wa nyumba, waliokuwa wakila dagaa mwezi mzima, nao hupata kipapatio. Lakini mwenye kuipenda lugha hawezi kulipita neno "apone" bila ya kusimama. Ni neno la uganga. Linaahidi kwamba ujio wa mgeni utamwondolea mwenyeji maradhi. Ipo elimu moja duniani, yenye vyuo vyake, vitabu vyake na mabingwa wake, ambayo historia yake nzima yaweza kusomwa kuwa ni mtihani wa ahadi hiyo. Nayo ni tiba ya safari, ya misafara na ya maradhi ya nchi za joto. Mgeni alikuja, na alikuja na daktari wake. Je, mwenyeji alipona?

Swali hili nalipeleka mbali na bahari yetu, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Mara. Huko upo mji wa Musoma, uliojengwa juu ya rasi, si mbali na pale Mto Mara unapomwaga maji yake ziwani. Kaskazini yake iko Shirati, ambako madaktari wa kigeni wa nyakati mbalimbali walifanya kazi inayotajwa hadi leo katika vitabu vya tiba. Kusini iko Bunda, ambayo upande mmoja inatazama Ghuba ya Speke na upande wa pili inapakana na Serengeti. Na baina ya miji hiyo miwili kipo kijiji cha Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Katika nchi hiyo moja ndogo msafiri na mwenyeji wamekuwa wakiumwa na nzi yule yule kwa zaidi ya miaka mia moja, na yaliyowapata hayakuwa mamoja.

Tuanze na msafiri, kwa kuwa elimu hii ilianza naye. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na Wazungu watatu vijana, pamoja na mamia ya wapagazi na askari ambao wengi wao walikuwa waungwana wa Unguja. Edward Pocock alikufa kwa homa kali kabla ya msafara kulifikia ziwa. Machi 1875 Stanley aliingia katika mashua yake, Lady Alice, akaenda mashariki, akalipa lile ghuba jina la Speke, kisha akapanda kaskazini akiufuata ufukwe ambao leo ni wa Bunda na Musoma. Aliporudi kambini Kagehyi, kusini mwa ziwa, baada ya kulizunguka lote, Frederick Barker naye alikuwa amekwisha kufa. Aliyebaki, Frank Pocock, alizama katika maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877. Hivyo Stanley peke yake, kati ya Wazungu wale wanne, ndiye aliyeurejea mwambao.

Dawa zao zilikuwa chache. David Livingstone, ambaye alikuwa tabibu kwa kusomea, alitunga vidonge vyake mwenyewe vya kwinini pamoja na dawa za kuharisha, na sanduku lake la dawa lilipoibwa Januari 1867 aliona kama amesomewa hukumu ya kifo. Alikufa mwaka 1873, na waliomkausha na kumbeba hadi Bagamoyo walikuwa ni akina Susi na Chuma. Tunaambiwa habari hii kuwa ni ya uaminifu, na ni kweli. Lakini ni habari ya elimu pia. Watu wale walijua namna ya kuvuka nchi zenye homa, njaa na vita kwa miezi mingi, na wengi wao wakafika. Ujuzi wao haukuandikwa katika kitabu chochote cha tiba ya misafara, ijapokuwa misafara yote iliutegemea.

Baadhi ya ujuzi huo umehifadhiwa mahali ambapo daktari hakutazama: umo ndani ya maneno. Chukua neno papasi. Watu wa njia ya bara walimjua papasi kuwa ni kupe wa vibanda vya kulala, anayekaa katika vumbi la sakafu na nyufa za ukuta, anayetoka usiku, na ambaye kuuma kwake hufuatwa na homa inayokwenda na kurudi. Livingstone mwenyewe, katika kitabu chake cha 1857, aliandika juu ya kupe waliohofiwa kwa maradhi waletayo. Miaka karibu hamsini ikapita. Mwaka 1904 na 1905 Dutton na Todd, wawili kutoka Liverpool, waliichunguza homa hiyo huko Kongo, na Dutton akafa nayo. Mwaka 1905 Robert Koch, bingwa wa Ujerumani, alizifuata njia za misafara za bara letu akiwa na hadubini, akawakamata papasi katika vibanda vya wasafiri, na akaona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Dunia ikasema imegundua. Kiswahili kilikuwa kikisema homa ya papasi.

Simdharau Koch. Kuona kijidudu ndani ya yai la kupe ni kazi ambayo jicho tupu haliwezi, na bila ya kazi hiyo dawa haipatikani. Ninachosema ni kwamba tabibu alikuta nusu ya somo limekwisha kusomwa, na aliyelisoma hakuandikwa.

Kisiwani petu mambo yalikuwa hayo hayo. Dakta James Christie, aliyetibu Unguja katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki. Ile tauni ya 1869 haikushuka merikebuni. Ilitoka bara, kwa njia ya Umasaini, ikafika Pangani, kisha ikavuka bahari kuja Unguja. Christie aliijua njia hiyo kwa kuwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, yaani watu waliozijua nchi kuelekea ziwani kabla hazijachorwa na Mzungu yeyote. Mmoja wa watu wa namna hiyo, Sadi bin Ahedi wa karibu na Gazi, alimtajia mmisionari Wakefield njia za kutoka mwambao hadi bara, kituo kwa kituo, na taarifa hiyo ikachapwa London mwaka 1870. Christie pia ndiye aliyeandika kwamba homa ya kuvunja viungo iliyoenea Unguja mwaka 1870, na kabla yake mnamo 1823, wenyeji waliiita kidinga pepo. Aliona kwamba huenda jina hilo ndilo lililovuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, likageuzwa huko, na likaturudia kwa sura ya "dengue". Wajuzi wa baadaye wamesema kwamba homa ile ya 1870 pengine ilikuwa chikungunya. Hata hivyo hatukutoka nje ya lugha zetu, maana chikungunya nalo ni neno la Kimakonde, lililochukuliwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nchi ya Newala, nalo husema juu ya mtu kukunjika kwa maumivu.

Sasa tuvitazame vyuo. Skuli ya Liverpool iliasisiwa 1898, ya London ikafunguliwa 1899 kwa juhudi za Patrick Manson, na ya Hamburg 1900. Zote tatu zilijengwa katika miji ya bandari, na hilo halikuwa jambo la bahati. Makoloni yalikuwa yanaua maofisa, mabaharia na wafanyabiashara, na Serikali pamoja na makampuni ya meli zilitaka watu wao warudi hai. Manson alikuwa mshauri wa Wizara ya Makoloni, na daktari aliyetaka kazi huko alitakiwa kwanza akae darasani. Hivyo somo lilizaliwa likiwa na swali moja kifuani: msafiri atarejeaje kwao? Swali la pili, la yule asiye na kwao pengine pa kurejea, lilichelewa.

Kilicholilazimisha swali hilo la pili ni malale. Kuanzia mnamo 1900 ugonjwa huu ulizifagia pwani za ziwa upande wa Uganda, na hesabu inayotajwa kwa kawaida ni vifo karibu 250,000 katika miaka ishirini. Waganda waliuita mongota, kwa vile mgonjwa husinzia. Mwaka 1903 David Bruce alitaka kujua ni mdudu gani anayeueneza. Alimwendea Katikiro Apolo Kagwa, na watu wa nchi wakatumwa kukamata nzi kila mahali na kueleza wapi pana wagonjwa. Nzi walipopangwa juu ya ramani, penye mbung'o pakawa ndipo penye malale. Ramani ile imetajwa mara nyingi kuwa ni ya Bruce. Mikono iliyowakamata nzi ilikuwa ya wenyeji, na jina la nzi, kivu, lilikuwamo katika Kiganda zamani.

Ugonjwa ukashuka kwa ufukwe wa mashariki mpaka ukaingia himaya ya Wajerumani, upande wa Shirati. Koch alirudi mwaka 1906, akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, akawadunga wagonjwa zaidi ya elfu dawa ya Atoxyl, ambayo ni mchanganyiko wenye aseniki. Vijidudu vilipotea damuni, kisha vikarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na wagonjwa 22 wakapofuka wasione tena. Hapo ndipo methali yetu inapotuumiza. Mgeni alikuja na ujuzi wa kweli na nia ya kuponya, na mwenyeji akatoka kambini akiongozwa mkono. Kwa nini watu walizikimbia kambi za malale, wakawaficha wagonjwa wao? Taarifa za wakoloni zimesema ni ujinga. Mwenye kuhesabu vipofu atasema walikuwa wakitumia akili.

Na bado katika nchi hiyo hiyo ilipatikana elimu kubwa. Friedrich Karl Kleine, mwanafunzi wa Koch, aliendelea na kazi upande wa Shirati, na mwaka 1909 alionyesha jambo ambalo Bruce hakuliona. Mbung'o akinyonya damu yenye vijidudu haambukizi kwa ule uchafu wa mdomoni tu. Vijidudu hukua ndani yake, na kiasi cha wiki tatu baadaye ndipo anapokuwa wa hatari, na hubaki hivyo. Somo hili lilibadilisha kila mpango wa kupambana na malale. Kila mwanafunzi wa tiba ya nchi za joto, awe London au Antwerp, hujifunza jambo lililothibitishwa Mara.

Lakini ipo elimu nyingine iliyokuwapo Mara kabla ya Kleine, na ilichukua miaka sitini kupata mwandishi wake. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o Afrika ya Mashariki kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika walikuwa na namna yao ya kuishi na nzi huyu. Walifyeka, walichoma nyika kwa majira, walilisha mifugo pale ambapo kichaka kimeondolewa, na waliacha ardhi tupu kati ya makazi na pori la wanyama. Helge Kjekshus aliifuata hoja hiyo katika kitabu chake cha 1977 kuhusu historia ya Tanganyika. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliteketeza ng'ombe. Njaa na ndui zikafuata, watu wakatawanyika, na hapakuwa na wa kufyeka wala wa kulisha. Kichaka kikarudi na mbung'o wake. Baadhi ya pori ambalo mkoloni alilikuta magharibi mwa Serengeti akadhani halijakanyagwa na mtu tangu Adamu, lilikuwa ni shamba na malisho ya watu waliofiwa. Mwaka 1951 Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa, na mpaka ukawekwa kati ya binadamu na wanyama ambao zamani walijuana.

Elimu ya kigeni ilirudi Mara kwa sura nyingine baada ya uhuru. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 juu ya saratani inayovimbisha mataya ya watoto, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maili 10,000, hospitali kwa hospitali, kuuliza ni wapi inaonekana na ni wapi haionekani. Ilionekana katika nchi za chini zenye joto na mvua, ambazo ndizo zenye malaria. Wilaya ya wakati ule ya Mara Kaskazini, yenye hospitali ya Wamenonaiti pale Shirati, ilikuwa mojawapo ya sehemu zenye wagonjwa hao. Basi kuanzia 1977 hadi 1982 ulifanywa mtihani mkubwa: watoto wa chini ya miaka kumi wagawiwe klorokwini mara mbili kwa mwezi, ionekane kama malaria ikipungua, saratani nayo itapungua.

Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikapanda tena hata dawa zikiendelea kugawiwa. Saratani ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kuanza, na baada ya mtihani ikapanda. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 1989 hawakudai zaidi ya walichokiona. Klorokwini yenyewe ilikuwa inashindwa na vijidudu, na mwaka 2001 Tanzania iliiacha isiwe tena dawa yake ya kwanza ya malaria. Jambo hili lina utukufu wake, maana safari hii aliyetazamwa hakuwa msafiri. Alikuwa ni mtoto wa ziwani, na swali lilikuwa namna ya kumwokoa.

Hapo kwa haki tufike Butiama. Huenda msomaji anamjua Nyerere kuwa ni mfasiri, aliyetupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika ujana wake alifundisha skuli ya Tabora, na baiolojia ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Mtu wa namna hiyo alikuwa mwepesi kuona kwamba elimu ya vijidudu isiyotiwa katika lugha ya watu ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili redio ilisomesha kwa Kiswahili juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani.

Wanafunzi milioni mbili! Liverpool, London na Hamburg kwa pamoja hazijapata darasa la ukubwa huo. Wala halikuwa darasa la kudunga watu sindano wasizozielewa. Maneno yalikuwa yao, na jembe lilikuwa lao. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri hudhani kazi yetu kubwa ni ushairi na tamthilia. Huenda waliokaa kuamua konokono wa kichocho aelezwe vipi kwa mkulima ambaye hajawahi kuona hadubini walifanya tafsiri iliyo ngumu zaidi, na majina yao hayako juu ya jalada lolote.

Je, mtihani umekwisha? Twende Bunda. Mwaka 2001 watalii tisa walirejea Ulaya kutoka mbuga za Tanzania, Serengeti ikiwamo, wakiwa na malale. Habari zao zilikusanywa na hospitali za Ulaya zenye mtandao wa tiba ya safari, zikachapishwa mwaka uliofuata, na madaktari wa dunia wakazisoma. Ilikuwa ni kazi njema, na wagonjwa walitambuliwa kwa sababu daktari wao alijua kuuliza: umetoka wapi? Mchungaji wa ng'ombe anayeishi pembezoni mwa hifadhi hatoki wala haendi. Hana swali la kuulizwa. Homa yake hufanana na malaria, na palipozoewa malaria, malale ya Afrika ya Mashariki, ambayo huua kwa wiki au miezi michache, yanaweza kumaliza mwendo wake kabla jina lake halijatajwa. Dawa ya malale yaliyoingia ubongoni, melarsoprol, nayo ilikuwa na aseniki kama ile ya Koch, ikiua kiasi cha mgonjwa mmoja katika ishirini. Ni mwaka 2024 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kutumia vidonge vya fexinidazole kwa malale ya upande wetu, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Kutoka aseniki ya Sese hadi kidonge cha kumeza imepita miaka zaidi ya mia moja na kumi.

Vyuo navyo vimeanza kusogea. Mwaka 2011 stashahada ya tiba ya nchi za joto ya Skuli ya London ilianza kufundishwa Afrika ya Mashariki, Tanzania na Uganda, daktari wa Kiafrika akikaa benchi moja na mgeni. Ni hatua ya heshima. Lakini kumfundisha daktari ni sehemu moja tu ya kazi. Mwalimu, ambaye nchi yake ilikaa darasani mbele ya redio mwaka 1973, aliugua saratani ya damu, akasafiri, na tarehe 14 Oktoba 1999 akafia katika Hospitali ya St Thomas', London, ng'ambo ya pili ya mto ukitazama Bunge la Uingereza. Safari ile ya kutafuta tiba iliyofanywa na Wazungu kuelekea ziwani, yeye aliifanya kinyume, na akarudishwa Butiama kama Livingstone alivyorudishwa Bagamoyo. Simlaumu yeyote kwa hilo. Nalisema kwa sababu linaonyesha umbali uliobaki kati ya mahali elimu inapovunwa na mahali inapowekwa ghalani.

Mgeni njoo, basi, na aje. Aje na hadubini yake na vidonge vyake, maana tunavihitaji. Akifika Musoma amuulize mvuvi jina la kila homa aijuayo, na aliandike jina hilo pamoja na jina la mvuvi. Akishamaliza kujifunza, arudi kumsomea mvuvi yule alichokiandika, kwa lugha ambayo mvuvi anaisikia. Methali haikusema mgeni njoo, mgeni apone. Neno la mwisho walilipa mwenyeji.